Namna Nilivyoishinda Ada ya Kuletewa

Jumamosi, 3 Mei

Risiti ya kwanza imefika. Nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Haikubadilika.

Vitunguu, nyanya, mafuta, mchele. Sawa. Chini yake: ada ya kuletewa. Chini yake: ada ya huduma. Chini yake: ada ya kikapu kidogo. Chini kabisa, mfuko. Ada ya huduma! Nani kanihudumia? Nimechagua mwenyewe, nimebonyeza mwenyewe, kwa kidole changu mwenyewe. Na hiyo ya kikapu kidogo ni faini ya kutokuwa na tamaa. Isitoshe, vitunguu vya kwenye simu vina bei ya juu kuliko vya kwenye rafu za duka hilohilo. Yaani hata kitunguu kimelipishwa nauli.

Nieleze hali ilivyo, maana nikija kuwa mtu mkubwa watu watataka kujua nilianzaje. Mke wangu aliteleza ngazini wiki iliyopita. Mguu uko kwenye plasta, na daktari amemkataza ngazi mpaka mwisho wa mwezi. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Yeye hupika chakula cha mchana hapa nyumbani na kuuza maofisini. Tangu kiwanda cha uchapaji kilipotufungia geti, jiko lake ndilo linalotulisha. Naandika hivi bila haya kwa kuwa hakuna anayesoma. Ijumaa ya tarehe 16 kampuni moja ya bima inamjaribu: wafanyakazi thelathini, mlo mmoja. Wakipenda, mkataba wa mwaka mzima. Amelitamani jambo hili kiasi kwamba halitaji kwa sauti, anasema tu "ile Ijumaa".

Kwa hiyo manunuzi yamehamia kwangu. Alitaka niende sokoni na kikapu. Nikamwambia siku hizi anayetembea ni simu, binadamu anakaa. Akaniangalia, akauangalia mguu wake, akasema haya.

Baadaye nikakutana ngazini na jirani wa chini, mstaafu wa benki ambaye hatupi risiti hata ya kiberiti. Jengo zima tunamwita Bwana Stakabadhi. Nikamlalamikia hizi ada. Akatabasamu. Akasema yeye hununua duka hilohilo, kwa simu hiyohiyo, na ada ya kuletewa kwake ni sifuri. Sifuri! Nikamuuliza anafanyaje. Akajibu kwamba ni mpangilio tu, kisha akafunga mlango wake taratibu, kama mtu anayefunga sanduku la fedha.

Nimechukia. Vita imeanza.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeipata! Imeandikwa palepale, kwa herufi za mchwa: ukinunua kufikia kiwango fulani, ada ya kuletewa inafutwa. Kikapu changu kilipungukiwa kidogo tu. Nikatafuta kitu kisichooza, kisichovunjika, kisicho na msimu. Nikajazia chumvi.

Ada imefutwa. Nimeshinda.

Mletaji ni mwanamume wa makamo ambaye hajawahi kuvua helmeti mbele yangu, hivyo nimempa jina hilohilo, Helmeti. Alipanda ghorofa zote tatu na maboksi ya chumvi, akayatua mlangoni, akakaa juu yake kuvuta pumzi. Mke wangu akaniuliza kwa upole kama tunafungua kiwanda cha kukausha ngozi. Nikamweleza kwamba huo ni uokoaji wa fedha. Akaomba aone fedha zilizookolewa ziko wapi, azitie sufuriani.

Nimekokotoa upya. Chumvi imegharimu zaidi ya ada niliyoikwepa. Lakini ukiigawa chumvi hiyo kwa miaka tutakayoila, gharama ni ndogo mno. Nimeipanga chini ya kitanda, upande wangu.

Jumatano, 7 Mei

Fikra mpya, na hii ni ya kisomi. Kama ada ni moja kwa kila oda, basi tuagize jengo zima kwa oda moja, tugawane ada. Nimeanzisha Kikapu cha Jengo. Nimejichagua mwenyekiti. Bwana Stakabadhi nimemwalika kwa makusudi, aone ubongo unavyofanya kazi.

Saa za mchana: mzigo umefika. Helmeti alisema ada ya oda moja ni ya mlango mmoja, naye hapandi milango minane kwa malipo ya mmoja. Akaweka kila kitu uani, akaenda zake. Nikashuka.

Sikujua kwamba nyanya zina wenyewe. Mama wa ghorofa ya pili alidai zilizobonyea si zake. Fundi umeme wa ghorofa ya nne alisema yeye aliagiza karoti tatu tu, kwa nini ada yake ilingane na ya mtu wa gunia la viazi? Hoja hiyo ikawaka moto. Wengine wakasema tugawane kwa uzito, wengine kwa bei, mmoja akasema kwa idadi ya watu nyumbani. Bwana Stakabadhi akapanda kwake, akashuka na mizani! Akaanza kupima karoti za watu, mojamoja, miwani puani.

Nilipopiga hesabu ya mwisho, ada ya kila mmoja ilikuwa ndogo sana, na hakuna aliyelipa. Nimelipa mimi yote. Pia nimepandisha mizigo ya watu wazima wenye miguu mizima mpaka mlangoni kwao, kwa sababu ni mwenyekiti.

Nimejiuzulu. Mgongo unawaka. Mke wangu amenikanda kwa mafuta ya kupikia, akisema hayo nayo yana ada.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nilijaribu muda wa bei nafuu. Ukikubali kuletewa wakati wowote wanaotaka wao, ada inashuka hadi nusu. Unachotakiwa ni kuwepo. Nikawepo. Nilikaa kwenye ngazi toka asubuhi nikisikiliza kila pikipiki inayopita. Sikwenda kwa mtu mmoja aliyeniambia juzi kwamba huenda ana kazi ya siku moja ya kujalidi vitabu. Nilihofia Helmeti akija asinikute.

Alikuja jua likishuka. Nikapanda na vitu, nikamwonyesha mke wangu risiti, nusu ada. Alikuwa ameketi jikoni, mguu juu ya stuli, akimenya vitunguu saumu. Akaniuliza siku yangu nzima nimeiuza bei gani. Hakusema kwa ukali. Kama angesema kwa ukali ningejua la kujibu.

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa. Alisema miaka yote hii vitu vilikuwa vinafika jikoni. Viazi, mkaa, mafuta ya lita ishirini. Vilikuwa vinapanda ngazi zilezile. Akaniuliza kama niliwahi kuona ada yoyote.

Sikuwahi. Nimefikiri sana. Nilikuwa nikirudi kutoka kiwandani nakuta vipo, kama vile vinaota humo kabatini. Nilijua bei ya wino, ya karatasi, ya gundi. Bei ya mke wangu kupanda na gunia sikuijua kwa sababu haikuandikwa popote. Hata siku ile alipoteleza alikuwa na ndoo ya nyanya mkononi, na kitu cha kwanza nilichouliza, Mungu anisamehe, ni kama nyanya zimepona.

Nimeguswa kweli. Nilimwambia pole. Akasema ahsante, nimletee kisu kingine, hiki butu.

Nimeamua kwamba mwanamke huyu anastahili kuletewa vitu bure kabisa. Si nusu. Bure!

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata!!

Helmeti mwenyewe ndiye aliyenipa siri bila kujua. Alikuwa akilalamika kwamba wiki hii ana safari nyingi mno, kwa sababu kampuni inatoa ofa: kila mteja mpya, oda ya kwanza analetewa bure, iwe kubwa namna gani, iwe mbali namna gani. Mteja mpya! Na mteja ni nani? Mteja ni namba ya simu.

Sasa nimemwelewa Bwana Stakabadhi. Lazima ana ndugu wengi.

Oda ya Ijumaa ni nzito. Nitaikata vipande vitatu na kutafuta namba tatu ambazo hazijawahi kununua chochote kwa simu. Ya kwanza ni ya kinyozi wangu. Ya pili ni ya fundi cherehani, yule wa karibu na kituo cha mafuta. Ya tatu imenipa shida. Kila ninayemjua ameshakula ofa yake. Amebaki mtu mmoja tu katika ukoo mzima ambaye simu yake hutumika kupigia na kukatia watu.

Mama mkwe.

Mama mkwe hajakanyaga kwetu tangu kiwanda kifungwe. Siku ile alimwambia binti yake afungashe arudi, maana ameolewa na mdomo mtupu. Mke wangu akamjibu kwamba mama atakaribishwa hapa siku atakayonisalimia mimi kwanza. Tangu hapo huzungumza kwa simu tu, kwa ufupi, na wakimaliza mke wangu huosha vyombo ambavyo si vichafu.

Nitapiga moyo konde. Ni kwa ajili ya mwanawe, ingawa sitamwambia hivyo. Akijua ada zinanishinda, atasema alijua.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya ushindi. Niiandike kwa utulivu.

Kwa kinyozi nimeagiza mchele na mafuta. Ilibidi ninyolewe ndipo anipe simu. Kwa fundi cherehani nimeagiza mboga zote: vitunguu, nyanya, karoti, pilipili hoho. Kote ni hivyohivyo, unaandika namba, zinakuja tarakimu, unazijaza, umekuwa mtu mpya. Nikalipa kwa simu yangu. Mwishoni inatokea ramani ndogo yenye nukta nyekundu, nayo inauliza kama ni sawa. Ramani nzuri, mitaa inaonekana vizuri kabisa. Nikabonyeza sawa.

Halafu kwa mama mkwe, ng'ambo ya mji. Alifungua mlango, akanitazama kutoka kichwa kipya mpaka viatu. Hakunikaribisha kukaa. Kuna kiti kimoja sebuleni, cha marehemu mzee, ambacho sijawahi hata kukiegemea. Nikasimama karibu nacho. Nikaomba simu yake kidogo. Akauliza ya nini. Nikasema asiwe na wasiwasi, ni jambo la heri, Alhamisi ataona mwenyewe na atafurahi. Nilisema tu ili asiendelee kuuliza.

Akanipa, huku ameshika chaja yake. Nikaagiza kuku kumi, waliosafishwa. Ramani, nukta nyekundu, sawa.

Ada ya kuletewa: sifuri, sifuri, sifuri! Nimerudi nikimwimbia mke wangu. Akauliza vitu vitafika lini. Alhamisi asubuhi, nikamwambia, vyote, mlangoni, bila ada. Akasema kuku ndio roho ya chakula chake, wasichelewe. Nikamwambia alale usingizi.

Alhamisi, 15 Mei

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Asubuhi nilikaa mlangoni nikisubiri pikipiki tatu. Hata moja! Ndipo kinyozi akapiga simu, akauliza kwa nini nimemletea mchele. Kabla sijamjibu, fundi cherehani naye akapiga. Alikuwa na suti ya mteja mezani, na sasa ilikuwa inanuka vitunguu.

Ile nukta nyekundu haikuwa pambo. Simu ilijaza mahali palepale ilipokuwa kuwa ndipo pa kuletea mzigo. Mimi nimezunguka mji mzima nikiionyesha simu mahali pasipo kwetu, na kila iliponiuliza kama ni sawa nikasema sawa.

Mke wangu aliuliza kutoka jikoni kama wamefika. Nikasema wako karibu. Kila mmoja alikuwa karibu na mtu mwingine, hivyo si uongo mtupu.

Nikaingia mitini. Kwa kinyozi nilikuta wateja wawili wamekaa juu ya gunia langu wakisubiri zamu. Nikampigia Helmeti. Akaja, akaniambia kwamba kupeleka mzigo nje ya oda ni maelewano binafsi. Tukaelewana. Maelewano hayo peke yake yamezidi ada zote tatu nilizozikwepa.

Kwa fundi cherehani hela ilikuwa imekwisha. Nikawa nimesimama kando ya barabara na makreti ya mboga, nikisukuma moja kwa mguu, naburuta lingine. Nani akatokea? Bwana Stakabadhi, anasukuma kitoroli chake cha magurudumu mawili, kimejaa vitu, risiti imebanwa juu kwa kibanio. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema dukani. Huagiza kwa simu ili asipange foleni, kisha huenda kuchukua mwenyewe. Ukienda kuchukua mwenyewe, ada ni sifuri.

Huo ndio mpangilio wake! Anabeba! Karibu wiki mbili nimekuwa nikimwogopa mtu anayetembea na kitoroli. Nikamwambia huo si ujanja, huo ni uchukuzi. Akakubali kwamba ni uchukuzi. Kisha akapakia mboga zangu juu ya vitu vyake, akazipeleka mpaka mlangoni kwa mke wangu, bila malipo na bila neno. Sitamsamehe kamwe.

Nikabaki na kuku.

Njia nzima nilijipanga maneno: mama, kumetokea hitilafu ndogo ya kimtandao. Nilipofika, mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe amevaa nguo ya kutokea. Majirani zake wawili wamekaa, vikombe mkononi, na wote watatu wakanigeukia. Akawaambia, huyu hapa. Huyu ndiye.

Akanivuta ndani kwa mkono. Akanikalisha kwenye kiti cha mzee.

Akawaeleza kwamba mkwewe alikuja Jumanne, hakutaka hata kukaa, akasema tu kuna jambo la heri, Alhamisi ataona. Na leo, kuku kumi! Yeye, mjane, anayekula shingo na kipapatio. Tangu mzee afariki hakuna mwanamume aliyeingia mlango ule na kitu mkononi. Akasema alizoea kunena vibaya kuhusu mimi, na wao mashahidi. Leo anafuta. Akaniita mwanangu.

Yale maneno ya hitilafu ya kimtandao nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa. Kiti kile ni kirefu cha mgongo, kinakufanya ukae wima. Nikasikia sauti yangu ikisema si kitu, mama, ni wajibu.

Nimerudi mikono mitupu. Nina mayai mawili tu aliyonipa ya njiani. Mke wangu ana mchele, ana mafuta, ana mboga zilizopangwa vizuri na jirani. Akauliza kuku. Nikasema kesho alfajiri, wanaletwa wabichi zaidi. Alikuwa akipanga visu vyake juu ya taulo kama daktari. Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Mwaka wake mzima uko kwenye friza ya mama yake, na mimi ndiye niliyeupeleka, bila ada.

Nimekusudia kumwambia. Nilifika mpaka mlango wa jikoni. Simu yake ikaita, alikuwa mama mkwe. Nikasikia upande mmoja tu. Alisema kumi? Kisha akacheka mpaka plasta ikagonga mguu wa meza. Akasema ndiyo mama, wote. Akasema hapana, usimwambie, mwache hivyohivyo. Halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena.

Nadhani wananiandalia kitu. Siku yangu ya kuzaliwa ni mwezi ujao.

Ijumaa, 16 Mei

Alfajiri, hodi. Nikafungua nikiwa na visingizio vitano tayari. Mlangoni mama mkwe, nyuma yake dereva wa teksi na sufuria mbili kubwa zilizofungwa vitambaa.

Akanisalimia. Mimi kwanza! Kwa sauti, mlango wazi, mke wangu akisikia kutoka chumbani. Hujambo mwanangu. Nikajibu sijui nini.

Akasema amesikia binti yake ana shughuli leo, naye hawezi kukaa ng'ambo anakula kuku kumi peke yake wakati mtoto anahangaika na mguu mmoja. Amewakata, amewaunga viungo, wamelala navyo usiku kucha. Bahati gani! Nilitaka kupiga magoti.

Mke wangu akatoka na magongo yake. Walisimama mlangoni mwa jikoni. Kisha mama akamwambia aondoe mkono kwenye hilo gongo, atamshika yeye. Walipoingia niliwasikia wanavuta makamasi, na mke wangu akasema ni vitunguu. Vitunguu vilikuwa bado viko kwenye kreti, upande wangu wa mlango. Nikavisogeza ndani taratibu ili maneno yake yawe kweli.

Chakula kiliondoka kwa wakati. Helmeti alikibeba. Nilimlipa ada yote na sikuomba punguzo.

Jumapili, 18 Mei

Mkataba! Meneja wa bima amepiga jana. Mwaka mzima, kuanzia Jumatatu ya tarehe 26. Sharti moja tu: kuku awe yuleyule. Mke wangu aliweka simu chini, akaweka viganja vyote viwili mezani, akakaa hivyo. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema aachwe kidogo, anasikiliza.

Kwa kuwa mpishi wa kuku ni mama mkwe, mama mkwe anahamia kwetu. Yeye na mke wangu watalala chumbani kwa ajili ya mguu. Mimi nimehamishiwa sebuleni, mimi na chumvi yangu.

Hakuna aliyegundua chochote kuhusu ile nukta. Nashangaa mwenyewe jinsi nilivyoicheza. Mama mkwe aliniambia tu, leo tukinywa chai, kwamba siku nyingine nikitaka kumpa mtu zawadi, nianze kwa kumuuliza friza yake ina ukubwa gani. Mke wangu akapaliwa na chai. Nimelipenda neno hilo. Mama ana busara ya vitendo.

Jumapili, 25 Mei

Wiki nzima nimekuwa nikifikiri, na nadhani nimefika chini kabisa ya jambo hili. Niliandike kabla halijanitoka.

Ada ya kuletewa haifutiki. Inahama tu. Ukiitoa kwenye risiti, inakwenda kukaa mgongoni kwa mtu: kwa Helmeti kwenye ngazi, kwa Bwana Stakabadhi na kitoroli chake, kwangu siku ile niliyokaa bure kusubiri, kwa mama aliyelala macho akiunga kuku wa kazi isiyo yake. Na miaka yote kabla ya hapo ilikaa kwa mke wangu, kimya. Kila kitu kilichowahi kufika mezani kwangu, kuna aliyekileta.

Nimemsomea mke wangu maneno haya. Ameyapenda kweli, nilimwona. Alisema basi kesho, siku ya kwanza ya mkataba, nishuke sokoni mapema na kikapu, nilete kuku kumi, si mbali. Nikamwahidi.

Nilikuwa natafuta kikapu chenyewe simu ya mama mkwe ilipolia mezani. Ujumbe kutoka kampuni ileile. Mteja wetu mpendwa, tumekukumbuka, rudi leo uletewe oda yako ya pili bure.

Bure! Na safari hii si ujanja wowote, wamemwalika wenyewe. Kukataa ni utovu wa adabu. Mama alikuwa jikoni, ameniruhusu kwa kichwa bila kugeuka. Nikaagiza kuku kumi, waletwe kesho alfajiri. Lakini somo nimelipata, sikukurupuka. Nilingojea ile ramani kwa macho mawili. Haikuhitaji hata kunisumbua: simu inamkumbuka mteja wake, imejaza mahali yenyewe, nukta nyekundu ilikuwa imeshawekwa tayari. Nikabonyeza sawa kwa moyo mkunjufu.

Mama mkwe ameuliza sasa hivi kama nyumba yake kule ng'ambo iko salama, maana tangu ahamie hakuna mtu. Nimemtuliza. Nimemwambia tumeifunga vizuri, ufunguo ninao mimi mfukoni, hakuna kitakachoingia wala kutoka.

Kikapu nimekirudisha juu ya kabati. Kesho nitakaa mlangoni mapema, nimpokee Helmeti.